Mwenye Mkono Mkavu

Katika chumba cha kufulia cha hospitali kuu ya serikali, wanawake kumi na wawili walikuwa na daftari moja la mahudhurio, na daftari hilo lote lilikuwa na mwandiko wa mtu mmoja. Kampuni iliyowaajiri haikuona ajabu. Hospitali haikuona ajabu. Na wao wenyewe wangekushangaa wewe unayeuliza. Ukifika kazini saa kumi na moja alfajiri, mashuka ya chumba cha upasuaji yanakungoja kwenye mapipa, damu imeshaganda, na kabla hujajua kama umeamka, mikono imezama kwenye sabuni hadi viwikoni. Nani ataacha pipa akashike kalamu, alowanishe daftari? Kwa hiyo kuandika kukamwangukia yule mmoja mwenye mikono mikavu, mpangaji wa nguo safi mezani, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu ambaye kila mtu alimwita Karani.

Hakuwa karani hata kidogo. Kwenye karatasi za kampuni alikuwa mfagizi, kama wenzake wote, na alilipwa kama mfagizi. Lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri, herufi zimesimama wima zimeshikana mikono, na mtu mwenye mwandiko mzuri katika kundi la watu wenye shida hapumziki. Aliwajazia fomu za shule. Aliwaandikia barua za mikopo. Alimwandikia mwenzake mmoja barua ya kumwacha mume, na mume akaisoma, akasifu mwandiko, akarudi nyumbani.

Kila alfajiri aliandika jina, saa ya kuingia, namba ya mashine aliyoshika kila mmoja na saa ya kutoka, ambayo ilikuwa saa tisa alasiri. Hizo ni saa kumi za kazi. Kampuni ililipa nane, ikisema zamu inaanza saa moja asubuhi. Kwamba madaktari walihitaji mashuka safi kabla ya saa moja, hilo halikuwa shauri la kampuni.

Palikuwa na desturi nyingine, na hii ndiyo iliyowaponza. Mmoja wao akiwa na mtoto mgonjwa, au akifiwa, hakuomba ruhusa, maana kampuni ilikuwa na jibu moja tu kwa mwenye kuomba ruhusa: ukienda usirudi. Alimtumia Karani ujumbe, "Leo nisitirie." Karani alimwandika amefika na ametoka, kisha pembeni ya jina akaweka kinukta kidogo cha wino wa bluu. Waliobaki waligawana mashuka yake. Naye alilipa siku yake Jumapili, akaingia kimyakimya kwa mlango wa mapipa akafua wenzake wapumue. Jumapili hizo hazikuandikwa popote, kwa sababu kampuni ilikataza mtu kuonekana kazini siku isiyokuwa ya zamu yake. Kinukta kilikuwa chao wenyewe, asije mtu akasahau kwamba ana siku ya watu shingoni. Katika miaka yote hiyo hakuna shuka hata moja lililolala chafu.

Nyumbani, katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka la vipuri, Karani aliishi na dada yake. Dada alimzidi miaka kumi na mmoja, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Alikuwa fundi cherehani. Miaka mitatu iliyopita alianza kushona mishono iliyokwenda upande, akadhani mashine imeharibika, akamwita fundi wa mashine, na fundi akasema mashine nzima. Ilikuwa presha ya macho. Ugonjwa huo huanza kula pembeni, kisha huja polepole kuelekea katikati. Walipofika kwa daktari, jicho la kulia lilikuwa limekwisha.

"La kushoto tunaweza kuliokoa," daktari alisema, "likipasuliwa ndani ya miezi sita. Mashine ya hapa ni mbovu, itabidi mwende kliniki ya binafsi. Matone yanachelewesha tu. Kilichopotea hakirudi, mama, tunapigania kilichobaki."

Upasuaji ulikuwa milioni mbili. Karani alipata elfu tisa na mia sita kwa siku. Piga hesabu mwenyewe, na ukimaliza uniambie ulikuwa unakula nini.

Wiki hiyohiyo karatasi ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa hospitali, chini ya kichwa kirefu kuhusu viwango vya chini vya mishahara katika kandarasi za huduma za serikali. Wengine waliipita kama wanavyoipita rangi ya ukuta. Karani aliisoma yote akiwa amesimama na rundo la foronya mikononi. Mfagizi, elfu moja na mia mbili kwa saa. Mfanyakazi wa kufulia, awe wa mashine au wa meza, elfu moja na mia tano. Saa zinazozidi nane kwa siku, mara moja na nusu. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: serikali inailipa kampuni kwa viwango hivi, na kampuni haina ruhusa ya kumlipa mfanyakazi chini yake.

Alirudi mezani kwake, akanawa uso kwa maji ya bomba, akaandika barua kwenda ofisi ya kazi. Majina kumi na mawili, mwandiko mmoja.

Baada ya mwezi alikuja afisa kazi, binti ambaye Karani angeweza kumzaa, amevaa viatu vya chini na kubeba kikokotoo kikubwa cha dukani. Alimwamkia kila mmoja. "Msiniambie mnaitwa nani kwenye karatasi," alisema, "nionyesheni mnachofanya." Alisimama saa nzima katikati ya mvuke mpaka miwani ikafunga ukungu, akaona nani anajaza mashine, nani anapiga mashuka pasi ya umeme pana kama kitanda, nani anachanganya dawa za kufulia. Kisha akaomba daftari, akakaa mezani kwa Karani, akaanza kuhesabu.

Alihesabu kwa sauti, na wote wakasikia. Saa nane kwa elfu moja na mia tano ni elfu kumi na mbili. Saa mbili za ziada ni elfu nne na mia tano. Jumla elfu kumi na sita na mia tano kwa siku. Toa elfu tisa na mia sita zilizolipwa. Kila siku kila mtu alikuwa ameibiwa elfu sita na mia tisa.

"Sheria inaniruhusu kurudi nyuma miaka mitatu," alisema. "Tumchukue huyu mama mwenye mwandiko. Siku mia tisa na thelathini za kazi." Akabonyeza. "Milioni sita, laki nne na elfu kumi na saba."

Mashine moja ilikuwa inazunguka, hakuna aliyeizima. Kisha yule waliyemwita Bi Mashine, mnene wa sauti na wa moyo, akajipiga paja. "Milioni sita! Huyu mume nampa likizo bila malipo, nitafute mwingine!" Walicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Karani hakucheka. Alikuwa amekaa ameshika ukingo wa meza, na kichwani mwake jicho la kushoto la dada yake lilikuwa limeshapona.

Usimtangulie Mungu kwa furaha. Wiki mbili baadaye waliitwa wote kwenye chumba cha mikutano cha hospitali, na meneja wa kampuni akaja na kitabu chini ya kwapa. Huyu walimwita Tutaona, kwa sababu ndilo jibu alilowapa walipoomba glavu, walipoomba maziwa ya kupunguza ukali wa dawa, walipoomba chochote. Hakupandisha sauti. Alifungua kitabu cha wodi ya wazazi, akakisogeza mbele ya afisa kazi.

"Mfanyakazi wangu huyu," akamwonyesha Mama Pacha, mdogo kuliko wote, "alilazwa tarehe tatu, akajifungua mapacha, akatoka tarehe tisa. Sasa tazama daftari lao. Tarehe tatu mpaka tisa yuko mashine namba mbili, saa kumi kila siku ya kazi. Naomba kuelimishwa, dada. Alikuwa amelalia mashuka, au alikuwa anayafua?"

Mama Pacha aliinamisha kichwa. Afisa kazi akafungua kurasa za mbele, akafungua za nyuma.

"Nani ameandika humu?"

"Mimi," Karani akasema.

"Yote? Hata siku ambazo wapo?"

"Mikono yao ina maji, mwanangu."

Binti alivua miwani. "Mama, daftari la mkono mmoja likishakutwa na siku moja ya uongo, siwezi kuliamini kwa siku nyingine. Nikiliweka pembeni, nabaki na karatasi za kampuni. Zinasema wafagizi, saa nane. Kwa karatasi hizo hamdai hata senti. Mimi nimewaona kwa macho yangu mkiendesha mashine, lakini nimewaona asubuhi moja. Miaka mitatu siwezi kuithibitisha kwa asubuhi moja."

"Na wizi upo," Tutaona akaongeza. "Nimelipa siku ambazo mtu hakuja."

Afisa kazi aliomba nusu saa, akatoka nao nje, kwenye bomba la uani. Aliwaambia ukweli bila kuupaka sukari. Kama kuna namna ya kujua siku zipi ni za uongo, atazitoa na zilizobaki zitasimama. Lakini kampuni itadai kurudishiwa mshahara wa siku hizo, na yeyote atakayekiri kushiriki atafukuzwa; mkataba unasema hivyo waziwazi. Kampuni ikigoma, mambo yataenda mahakamani, na huko ni miaka. Kisha akawaacha wajadiliane.

Karani akawaambia kwamba vinukta vipo, kila siku ya uongo ina alama yake.

"Basi kila mtu akakiri zake," Bi Mashine akasema. Mama Pacha alikuwa na mapacha wa miezi minne na hakuna baba. Mwingine mume alikuwa kitandani mwaka wa pili. Wote kumi na wawili walikuwa na vinukta. Wakikiri wote, wanafukuzwa wote, na kesho yake Tutaona anaokota kumi na wawili wengine langoni, watu wapo tele. Walitazama maji yakidondoka bombani.

"Aliyeandika ni mmoja," Karani akasema. "Atakayekiri atakuwa mmoja."

"Na jicho la dada?" Mama Pacha akauliza kwa sauti ndogo.

Bi Mashine akamshika Karani mabega kwa mikono yake mikubwa iliyobabuka. "Jicho la dada ni letu. Tuko kumi na mmoja. Laki mbili mbili kila mtu, hiyo ni milioni mbili na laki mbili, upasuaji na nauli juu. Ahadi ni deni. Anayekataa aseme hapahapa." Wote waliinua mikono, wengine wakilia. Na watu hao ambao Karani aliwaandikia kila kitu chao, mpaka barua za kuachana, ahadi hiyo hakuiandika. Nimemlaumu kwa hilo mara nyingi. Kisha najiuliza, wewe ungetoa kalamu mbele ya watu wanaokulilia?

Wakarudi ndani. Karani alijikaza kisabuni, akasema ni yeye tu aliyeziandika siku za uongo, na wenzake hawakujua, kisha akamfundisha afisa kazi kusoma vinukta. Kazi hiyo ilichukua alasiri nzima. Vilikuwa mia sita na kumi na moja, na vinne tu kati yake vilikuwa vyake, siku alizompeleka dada hospitali. Kama asingekuwa mwaminifu kwenye uongo wake, hakuna ambaye angeweza kuvihesabu.

"Mama, siku hizi si zako," binti akamnong'oneza. "Na wewe unajua kwamba najua."

"Nimeziandika mimi. Na walizilipa, mwanangu. Walizilipa zote Jumapili."

Uso wa binti ukafunguka. "Jumapili zimeandikwa wapi?"

"Hazikuandikwa."

Afisa kazi akarudisha macho kwenye daftari. "Basi siwezi kuzihesabu," akasema.

Alipiga hesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakutaka kuiamini. Siku mia sita na kumi na moja kwa elfu tisa na mia sita ni milioni tano, laki nane, elfu sitini na tano na mia sita. Zikatolewa zote kwenye milioni sita na ushee za Karani, kwa kuwa ndiye pekee aliyekiri. Baada ya kutoa na madai ya vinukta vyake vinne, zikabaki laki tano, elfu ishirini na tatu na mia nane. Wenzake kumi na mmoja walitolewa madai ya siku zao za vinukta tu, wakapata zilizobaki zote. Tutaona alitia saini haraka, maana na yeye alikuwa akihesabu, akaona mahakama ingemgharimu zaidi. Karani alifukuzwa palepale, akaombwa kuacha sare.

Ningefurahi kukwambia kwamba binti yule alikuwa amehongwa. Hakuhongwa. Alikuwa mtu wa haki na hesabu yake ilikuwa sahihi mpaka senti ya mwisho, na mimi hadi leo sijui niipeleke wapi hasira yangu.

Fedha zilichukua miezi mitatu kutoka. Katika miezi hiyo Karani alifua nguo za majirani kwa mkono na kumnunulia dada matone. Dada alipouliza, alijibu, "Bado wanapiga hesabu." Laki tano zilipofika, kodi ya nyumba ilikuwa imezitangulia mlangoni. Akabaki na laki mbili na kidogo, akaziweka, akangoja wenzake.

Mama Pacha alikuja siku ya pili, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani, na laki mbili kamili kwenye bahasha. Hakukaa, alishindwa kukaa. Mwingine alileta laki moja na kusema iliyobaki inakuja. Bi Mashine alituma elfu hamsini kwa simu. Baada ya hapo, kimya. Mmoja alihama. Mmoja mumewe alifika benki kabla yake. Waliobaki walianza kupita barabara ya pili. Si watu wabaya hao, usiwatukane mbele yangu. Fedha iliyochelewa miaka mitatu huwa imeshaliwa kabla haijafika. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao; Karani alilichuma na wa kwao, akala peke yake.

Alikwenda kliniki na alichonacho. "Hatuanzi kwa nusu, mama," akaambiwa. Kwa hiyo alasiri moja, saa tisa, akaenda kusimama langoni mwa hospitali, akamsubiri Bi Mashine atoke.

Bi Mashine alipomwona alisimama, begi likamteleza begani. Alikuwa amekonda.

"Nimekuja unisaidie, mwenzangu," Karani akasema. "Nakuomba tu. Imebaki milioni moja na nusu, na mwezi wa sita unaisha. Waite wenzako. Wewe wanakusikia."

"Niliwaita, Karani. Waliniuliza mimi nimetoa ngapi." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa na mkopo wa nyumba. Wakopeshaji walikuwa wamesikia tumelipwa, walinisubiri benki, mlangoni pale. Nikasema nitakupa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukaja na yake." Kisha akasema, "Siku ile bombani nilimaanisha. Haki ya Mungu nilimaanisha."

"Najua ulimaanisha."

"Nitukane basi."

Karani hakumtukana. Alimsaidia kuokota begi, wakaachana pale langoni, mmoja kulia, mwingine kushoto, na hawakuonana tena.

Mwezi wa sita ukaisha. Matone yaliendelea, asubuhi na jioni, na dada aliendelea kuuliza hesabu imefika wapi, kisha akaacha kuuliza. Asubuhi moja Karani alikuwa amechuchumaa mlangoni akipepea jiko la mkaa. Jua lilikuwa limeingia ndani, limefika katikati ya kitanda.

"Mdogo wangu," dada akaita, amekaa kitandani. "Mbona umeamka mapema hivi? Washa taa, usije ukajiunguza."

Karani aligeuka. Macho ya dada yalikuwa wazi, yamemwelekea. Mkono wa Karani ulibaki hewani na pepeo la jiko.

"Hakujakucha bado, dada," akasema. "Lala kidogo."

Dada hakulala. Alipeleka mkono juu ya blanketi, taratibu, hadi pale jua lilipoangukia, akaugeuza, kiganja juu, akauacha hapo.

"Jua hili ni la saa ngapi?" akauliza.

Karani alikaa chini, pale pale kizingitini.

"La saa mbili, dada."